Namba ya Pili Niliyoipuuza

Eskaveta niliyoinunua ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu wengine kabla yangu. Mita ya saa ilisoma 9,140. Siku ya ukaguzi iliwaka kwa stata moja, ikachimba, ikazunguka, moshi wake haukutisha, na kwenye skrini hapakuwa na taa hata moja ya hitilafu. Nilimwomba muuzaji anifungulie ukurasa wa kumbukumbu za makosa. Ulikuwa mtupu: hakuna kosa linaloendelea, hakuna kosa lililopita. Nilifurahi sana. Leo nikikuta mashine ya saa 9,000 ambayo kompyuta yake haikumbuki kosa lolote, naanza kuuliza maswali. Injini ya umri huo lazima imewahi kuishiwa betri, au kuchomolewa plagi ya sensa wakati wa matengenezo huku swichi ikiwa imewashwa, na mambo hayo huacha alama. Ukurasa mtupu mara nyingi maana yake kuna aliyeufuta, na aliyeufuta karibu na siku ya kuuza alikuwa na sababu.

Siku ya tatu ya kazi opereta alinipigia simu. "Bosi, taa nyekundu imewaka. Mshale wa presha ya oili umelala kabisa na mashine imeishiwa nguvu." Nikamwambia azime papo hapo. Hilo nilifanya sawa na ningelifanya tena leo: presha ya oili ikionyesha sifuri, injini inazimwa kwanza, maswali yanafuata. Yote niliyoyakosea yalianza baada ya hapo.

Skrini ilikuwa na mistari mitatu: SPN 100 FMI 4, SPN 102 FMI 4, SPN 3509 FMI 4. Nilikuwa na karatasi yenye orodha fupi ya namba za SPN. Nikaangalia ya kwanza, 100, nikakuta ni presha ya oili ya injini. Sikuendelea. Ile 102, presha ya hewa kwenye manifoldi ya kuingizia, niliiona ni jambo dogo linaloweza kusubiri. 3509 haikuwamo kwenye karatasi yangu. Na FMI, ile namba ndogo inayofuata, niliichukulia kama namba ya ukurasa tu. Taa nyekundu, mshale chini, na kompyuta imetaja oili. Kichwani mwangu injini ilikuwa imeshanoki.

Nieleze hapa kitu ambacho ningeshukuru sana kama mtu angenieleza jioni ile. Injini nyingi za dizeli zinazoendeshwa kwa kompyuta kwenye mashine nzito huzungumza kwa kiwango kinachoitwa J1939, na kila kosa katika lugha hiyo lina sehemu mbili. SPN hutaja kitu kinacholalamikiwa: 100 ni presha ya oili, 110 joto la maji ya kupoza, 157 presha ya dizeli kwenye reli (bomba la pamoja linalolisha nozeli), 168 volti ya betri, 651 hadi 656 nozeli za silinda ya kwanza mpaka ya sita. FMI husema kitu hicho kimekosea kwa namna gani, na hapo ndipo ujumbe wenyewe ulipo. FMI 3 ni volti iliyo juu kuliko inavyotakiwa au waya uliogusa chanya. FMI 4 ni volti iliyo chini kuliko inavyotakiwa au waya uliogusa hasi. FMI 5 ni mkondo mdogo mno au waya uliokatika, na 6 ni mkondo mkubwa mno au waya uliogusa bodi. Hizo nne zinazungumzia umeme: waya, plagi, sensa, mara chache kompyuta. Lakini FMI 0 inasema kitu chenyewe kimepanda kupita kiasi kwa ukali wa mwisho, na FMI 1 inasema kimeshuka kwa ukali wa mwisho. Namba 15 na 16 ni kupanda kwa ukali mdogo na wa kati. 17 na 18 ni kushuka kwa ukali mdogo na wa kati. Ukiona hizi, kompyuta haina malalamiko na sensa. Inaiamini, na inakuambia kwamba inachokisoma ndicho kinachotokea ndani ya injini.

Kwa hiyo SPN 100 FMI 1 na SPN 100 FMI 4 ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza: presha ya oili imeshuka kweli, zima sasa hivi. Ya pili: kompyuta haijui presha ni kiasi gani, maana jibu linaloletwa na waya haliwezi kuwa la kweli. Kwenye injini nyingi za Caterpillar tofauti hiyohiyo imetenganishwa waziwazi zaidi: CID 100 FMI 4 (CID hutaja kitu, kama SPN) ni kosa la saketi ya sensa, ilhali E360 ni tukio la oili yenyewe kukosa presha. Mimi niliambiwa habari ya pili nikaisikia ya kwanza.

Fundi niliyemwita hakuangalia skrini kwa makini kwa sababu mimi mwenyewe nilishamwambia jibu. Nilimpokea kwa maneno "presha ya oili imekwisha", naye akafanya kazi juu ya maneno hayo. Tukabadilisha sensa ya oili. Mistari mitatu ikabaki. Tukashusha sampu, tukatoa pampu ya oili, tukafungua kepu mbili za beringi kubwa. Beringi zilikuwa safi, zinang'aa vizuri, hazina mchubuko. Pale ndipo nilipopaswa kusimama. Badala yake nikanunua pampu mpya, kwa kuwa tulishafungua na hofu ilishaniingia. Tulipofunga kila kitu na kuwasha, mistari ileile ikarudi.

"Basi ni kompyuta," fundi akasema. Nikatafuta kompyuta iliyotumika, iliyotolewa kwenye mashine ya aina ileile iliyokatwa spea. Ilikuja na maisha ya injini nyingine: namba ya injini si yangu, saa zake zaidi ya 14,000, na namba za urekebishaji wa nozeli ambazo hazikuhusu nozeli zangu. Injini iliwaka ikitetemeka, na skrini ya mashine ikaacha kabisa kuzungumza na injini. Sasa nilikuwa na matatizo mawili, moja nikiwa nimelileta mwenyewe. Gharama zilishafika karibu robo ya bei niliyonunulia mashine. Wiki tano zilikuwa zimepita. Kazi niliyokuwa nimeiahidi alipewa mtu mwingine, na sikuwa na la kumlaumu nalo aliyenipa kazi hiyo. Usingizi ulikuwa wa vipande. Kuna jioni nilikaa ndani ya kabini bila kuwasha taa, nikawaza kuiuza kama ilivyo kwa mtu asiyejua, kama nilivyouziwa mimi. Nasema hili kwa sababu nadhani mashine nyingi mbovu huzunguka sokoni kwa njia hiyo: mtu mwema aliyechoka anazifuta kumbukumbu na kuzipitisha kwa anayefuata.

Aliyeniokoa alikuwa fundi umeme mzee aliyekuja na multimita na sindano mbili nyembamba za kupimia. Kabla ya kugusa chochote aliomba kompyuta ya zamani irudishwe. Akawasha swichi bila kuwasha injini, akasoma makosa kwa kifaa cha kusomea kwa kuwa skrini ilikuwa bado haizungumzi na injini, akaandika kila moja kwenye daftari pamoja na saa lilipotokea na mara lilizojirudia. Kisha akaniita.

"Mwanangu, hebu tazama. Makosa yote matatu yameanza saa ileile, dakika ileile. Sensa mbili hazifi pamoja. Tafuta kisima wanachochota wote."

Kisima hicho kilikuwa kwenye mstari wa tatu, ule ambao karatasi yangu haikuwa nao. SPN 3509 ni umeme wa kulisha sensa. Kompyuta hutoa volti 5, na sensa kadhaa zenye nyaya tatu hugawana chanzo hicho: waya mmoja wa volti 5, mmoja wa kurudi, mmoja wa kupeleka jibu. Volti hizo 5 zikigusa hasi mahali popote, kila sensa inayozitegemea huanguka kwa wakati mmoja, na kila moja hujiandikia kosa lake la FMI 4. Sensa za joto za nyaya mbili hazilishwi kwa njia hiyo, ndiyo maana joto la maji lilikuwa linasomeka vizuri muda wote. Hata hilo lilikuwa ushahidi, nalo nililiona na kulipita.

Alipima kwenye plagi ya sensa ya oili: volti 0.3 badala ya 5. Akaniambia nichomoe sensa zinazogawana chanzo kile moja baada ya nyingine, huku yeye akitazama multimita. Ingekuwa sensa moja imepiga shoti ndani, volti zingerudi pale inapochomolewa. Nilichomoa zote, 0.3 ikabaki. Basi si sensa, ni waya. Akaanza kutikisa kifungu cha nyaya taratibu, shubiri kwa shubiri, kutoka kwenye kompyuta kuelekea nyuma ya injini. Tulipofika nyuma ya kibano cha filta ya dizeli multimita ikaruka hadi 5.0, ikaanguka tena. Kishikizo cha nyaya kilikuwa kimekatika, na mtetemo ulikuwa umesugua ganda mpaka waya ukagusa chuma. Juu yake palikuwa na mkanda mweusi wa zamani, umekauka na kupasuka. Mtu kabla yangu alishafika pale, akafunga mkanda, akafuta kumbukumbu, akauza.

Tuliunga waya, tukaufunika kwa mpira unaonywea kwa joto, tukaweka kishikizo kipya na kipande cha hosi mahali pa msuguano. Kazi yote haikufika saa mbili. Makosa matatu yalihama yenyewe kutoka orodha ya yanayoendelea kwenda ya yaliyopita, na presha ya oili ikaanza kusomeka. Hata hivyo mzee hakuondoka. Alifunga geji ya presha ya kawaida, isiyo na umeme, kwenye njia ya oili, akasoma injini ikiwa baridi na ikiwa moto, akalinganisha na kitabu cha injini. Hiyo geji ingeweza kufungwa siku ya kwanza, kabla sampu haijashushwa. Ni kazi ya nusu saa, nayo ingenipa jibu ambalo nilikwenda kulitafuta kwa kufungua injini nzima.

Tatizo la skrini kutozungumza na injini lilikuwa bado lipo hata baada ya kompyuta ya zamani kurudi. Alizima umeme wote kwenye swichi kuu, akapima kati ya nyaya mbili za mawasiliano, matundu ya C na D kwenye plagi ya duara yenye pini 9 ya kuunganishia kifaa cha kusomea. Akapata omu 120 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Mtandao huo una vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho, na vikiwa vyote mahali pake kipimo huwa karibu 60. Ukipata 120, kimoja hakipo au njia imekatika kuelekea upande mmoja. Tulikikuta kining'inia: plagi ndogo iliyofungwa kama kifuniko, ambayo sisi wenyewe tuliichomoa tulipobadilisha kompyuta na hatukuirudisha. Ukichomoa kitu kwenye mashine ya namna hii, piga picha kabla. Nimeshaona mafundi wazuri sana wakikwamishwa na plagi moja iliyoachwa wazi.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa nimejifunza. Nilichojifunza kilikuwa nusu, na nusu hiyo ilinigharimu zaidi ya ujinga wa mwanzo.

Miezi minne baadaye opereta alipiga tena. Namba: SPN 110 FMI 16. Joto la maji. Nilikuwa kazini kwingine, na kichwani nilikuwa na somo moja tu lililoshikamana: taa ikiwaka, ni waya. Nikamwambia aendelee, nitakuja jioni na multimita. Akasita. "Bosi, hii ina joto kweli. Hewa inayotoka upande wa injini naisikia mpaka kwenye kiti." Nikamjibu kwa ukali kidogo, kwamba tulishaona haya mambo. Baada ya muda namba ikageuka kuwa SPN 110 FMI 0, kompyuta ikapunguza nguvu ya injini ili kujilinda, naye akawa anaikanyagia ili amalize kazi niliyomwagiza aimalize. Injini ilichemsha. Gasketi ya silinda hedi ikaungua, hedi ikapinda.

FMI 16, halafu FMI 0. Zote mbili ni maneno ya injini yenyewe. Kompyuta ilisema mara mbili kwamba maji yanachemka, na mtu aliyekaa juu ya mashine akasema mara ya tatu. Chanzo kilikuwa vumbi na majani makavu yaliyojaa kati ya redieta na kipoza oili ya haidroliki, mahali ambapo ukisimama mbele huoni kitu kwa sababu kipoza kimekaa mbele ya redieta, pamoja na mkanda wa feni uliolegea. Hewa ya kompresa na spana mbili vingetosha. Nilimwomba opereta radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimkaripia mbele yao. Tangu siku hiyo anachokisikia, anachokinusa na anachokihisi mtu aliye kwenye kiti nakipa uzito sawa na namba ya kwenye skrini, na siku nyingine uzito zaidi.

Kwa joto kuna njia rahisi sana ya kumaliza ubishi. Elekeza kipimajoto cha miale kwenye nyumba ya thamostati, linganisha na kinachosomeka kwenye skrini. Vikikaribiana, sensa inasema kweli. Vikipishana sana, chomoa plagi ya sensa ya joto huku swichi imewashwa: kosa linapaswa kugeuka kuwa FMI 3. Kisha unganisha matundu mawili ya plagi hiyo kwa kipande cha waya: linapaswa kugeuka kuwa FMI 4. Likigeuka mara zote mbili, nyaya na kompyuta ni nzima na mbaya ni sensa. Lisipogeuka, usinunue sensa, fuata waya. Jaribio hili ni la sensa za joto za nyaya mbili. Usilifanye kwenye sensa za presha za nyaya tatu, maana hapo unaweza kuunganisha volti 5 na hasi kwa mkono wako mwenyewe.

Na unapopima, usichome ganda la waya kwa sindano. Ingiza sindano nyembamba kutoka nyuma ya plagi, kando ya waya. Tundu ulilotoboa leo litaingiza maji, na miezi kadhaa baadaye utakuta unga wa kijani ndani ya waya na kosa linalokuja na kuondoka bila mpangilio.

Kosa la tatu ndilo la kwanza nililolishughulikia kwa utulivu, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu kidogo. SPN 157 FMI 18: presha ya dizeli kwenye reli imeshuka kwa ukali wa kati. Ilitokea tu baketi ikiwa imejaa na mkono unapanda. Injini ikiwa haina mzigo, hakuna kosa. Watu wawili waliniambia ni pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo ni kati ya spea ghali kuliko zote kwenye injini. Nikaandika namba, saa, hali ya mashine wakati ule, na kiasi cha dizeli kwenye tangi. Hicho cha mwisho ndicho kilichonisaidia: kosa lilikuja zaidi tangi likiwa chini ya nusu.

FMI 18 inamaanisha tuamini kwamba presha imeshuka kweli. Swali ni kwa nini, nami nilianza upande wa tangi, mahali ambapo vitu ni rahisi na havina hatari. Filta mbili mpya: hakuna badiliko. Kisha nikaweka kipande cha hosi inayopenya mwanga kwenye njia ya dizeli kabla ya pampu ya kuvuta. Injini ilipopewa mzigo mapovu yakaanza kupita, madogo, mfululizo. Hewa ilikuwa inaingia. Injini ikiwa inafanya kazi, upande wa kuvuta unaweza usivuje dizeli nje hata ukiwa na ufa, kwa sababu ndani yake presha ni ndogo kuliko ya nje. Unavuta hewa tu, na huenda usione tone. Nikafuata hosi mpaka chini ya tangi, nikakuta imepasuka pale inapobanwa na kleepi. Hosi mpya, kleepi mpya, na kosa halikurudi. Kama hapo kungekuwa safi, hatua iliyofuata ingekuwa kupima dizeli inayorudi kutoka kwenye kila nozeli, kisha vali ya kuachia presha ya reli, na pampu kubwa ingekuwa ya mwisho kabisa.

Jambo moja sitaki mtu yeyote alipite kwenye kosa hili. Usilegeze mrija wa presha kubwa injini ikiwa inafanya kazi, hata kama uliwahi kuona ikifanyika kwenye injini za zamani, na usitafute mvujo kwa mkono. Reli za injini hizi nyingi hufika bar 1,600 na zaidi. Dizeli kwa presha hiyo hupenya ngozi na glovu, na jeraha huonekana kama tundu dogo la sindano lisilouma sana, huku ndani nyama inaharibika. Aliyepigwa nayo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, aseme wazi kwamba ni dizeli ya presha, na asisubiri uvimbe. Kwa kutafuta mvujo tumia kipande cha boksi la karatasi ngumu, ukikaa mbali.

Baada ya miaka miwili nilitaka mashine ya pili. Safari hii nilifika mapema asubuhi na nikaomba injini isiwashwe kabla sijafika, nikagusa manifoldi kuhakikisha ni ya baridi. Nikawasha swichi tu. Taa zote za onyo zinapaswa kuwaka kwa muda mfupi kisha kuzima; ile isiyowaka kabisa huenda imetolewa. Halafu nikafungua ukurasa wa vipimo hai, kabla hata ya ukurasa wa makosa. Injini iliyolala usiku kucha haina pa kujificha hapo. Presha ya oili iwe sifuri. Joto la maji, la hewa ya manifoldi na la dizeli vikaribiane, vyote viwe karibu na hali ya hewa ya asubuhi hiyo. Presha halisi ya hewa kwenye manifoldi ilingane na presha ya hewa ya nje, ambayo usawa wa bahari ni kama kilopaskali 100. Sensa inayojitenga na wenzake hapo imeshajitaja.

Mashine ya kwanza niliyoiangalia kwa njia hii ilionyesha maji nyuzi 82 wakati chuma kilikuwa baridi mkononi mwangu. Nilipofuata waya wa sensa nikakuta umekatwa na kufungwa rizista ndogo ndani ya mkanda, ili kompyuta iamini siku zote kwamba joto ni la kawaida. Injini hiyo ingeweza kuchemka mpaka ikwame bila kuandika kosa hata moja. Nilimwonyesha muuzaji, nikamrudishia funguo, tukaagana vizuri. Inawezekana hata yeye hakujua.

Ya pili ilikuwa na makosa saba kwenye kumbukumbu. Nikaketi na daftari. Manne yalikuwa ya saa ileile, saa 6,212, yametokea mara moja kila moja, yote FMI 3 na 5, na mwenye mashine akanionyesha kwamba siku hizo injini ilitolewa kubadilishwa sili ya nyuma. Plagi zilichomolewa swichi ikiwa imewashwa. Moja lilikuwa volti ya betri kushuka, SPN 168, mara tisa, likakoma saa ambazo betri mpya zilifungwa. Jingine lilikuwa SPN 97, maji kwenye dizeli, mara tatu katika saa 8,000. La mwisho lilikuwa SPN 102 FMI 18, presha ya turbo kushuka, mara 23, na la karibuni lilikuwa saa sita kabla. Hilo hakuwa na maelezo nalo. Tuliwasha, tukaipa mzigo, nikapita na mkono karibu na mabomba ya hewa kati ya turbo na kipoza hewa, nikakuta upepo unatoka kwenye kiungo cha mpira kilichoanza kupasuka. Saa za kompyuta na za mita ya dashibodi zilipishana kwa 3 tu. Namba ya injini iliyo ndani ya kompyuta ililingana na ya kwenye bamba la chuma.

Nilimwambia sitaki afute chochote. Nilipiga picha kila ukurasa, nikailipia, nikabadilisha kiungo kile siku iliyofuata. Kwenye daftari la kabini ya mashine ile ukurasa wa kwanza una makosa hayo saba kwa mwandiko wangu, SPN upande wa kushoto, na FMI nimeiandika kwa kalamu nyekundu.